Kufilisika kwa Asiye na Cha Kufilisiwa

Neno kufilisika likitajwa hapa Laiser Hill, wengi humfikiria tajiri: magari yanapigwa mnada, ploti zake za Kitengela zinatangazwa gazetini. Mpangaji anayeishi kwa mshahara wa kiwandani Athi River, ambaye amekopa benki, akachukua mkopo wa simu wa Fuliza kwa ajili ya nauli na unga, kisha akakopa kwingine azibe pengo la kwanza, hajioni humo. Nadai kwamba Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 ilimkumbuka hasa yeye, na kwamba kukawia kuitumia kunamgharimu kuliko aibu anayoikimbia. Sheria hiyo ina njia ya mtu asiye na mali ya kuuzwa. Madeni yake yakiwa kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, na hana uwezo wa kuyalipa, humwomba Msimamizi Rasmi wa ufilisi bila kesi ya mahakamani. Akikubaliwa, madeni yaliyomo husimama, na baada ya miezi 12 kwa kawaida hufutwa. Ufilisi wa mahakama huchukua miaka 3, na mufilisi ambaye bado hajaachiliwa hawezi kuwa mbunge, kizuizi ambacho sidhani kinamkosesha mpangaji wetu usingizi.

Kwa nini asijikaze alipe? Tufanye hesabu. Sheria ya Ajira inaruhusu makato yafike theluthi mbili ya mshahara. Anayepata 24,000 anaweza kubaki na 8,000 za kodi ya nyumba, maji ya boza, nauli na karo. Hazitoshi, kwa hiyo katikati ya mwezi anarudi kwenye simu kukopa. Anachokiita kulipa ni kuhamisha deni kutoka kwa mkopeshaji mmoja hadi mwingine, riba ikiongezeka njiani.

Wapo watakaosema huku ni kuwafundisha watu kukopa na kutoweka. Hoja hiyo ina uzito, lakini sheria yenyewe imeijibu: aliyeficha mali, au aliyekopa akijua hana njia ya kulipa, hukataliwa, na udanganyifu ukigunduliwa baadaye, mdaiwa hutolewa kwenye utaratibu. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la wadhamini. Deni la sako likifutwa kwa mkopaji, wadhamini wake hawafutiwi. Wenzake wa zamu moja ndio watakaokatwa mishahara. Hapo sitetei njia hii. Mwenye mshahara wa uhakika na wadhamini mgongoni mwake ni afadhali aombe amri ya kulipa kwa awamu, ambayo kwa kawaida haizidi miaka 3, ili alipe kiasi anachokimudu. Njia ya miezi 12 inamfaa zaidi ambaye madeni yake ni ya simu na ya benki bila mdhamini, na hata huyo, akiwa anadaiwa 90,000 tu, bado mlango umefungwa.