Urithi na Kijiko cha Sukari



UVIKO-19 ulipoingia Zanzibar, Machi 2020, swali la barazani lilikuwa moja: ndugu wawili wa nyumba moja, mbona mmoja anakohoa siku tatu akapona, mwenzake anatiwa oksijeni?

Sababu moja ni urithi. Mwaka 2020 wataalamu Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionesha kuwa kipande cha kromosomu ya 3, kilichotoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, huongeza hatari ya kuugua sana. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho; Afrika ni nadra. Mji Mkongwe, ambako babu aweza kuwa Mhindi na bibi wa Makunduchi, ndugu mmoja hukirithi, mwenziwe asikirithi.

Sababu nyingine ni kisukari, unene na presha. Sukari ikizidi damuni, kinga hulegea na mishipa huumia, maradhi yakapata nafasi.

Babu hachaguliwi. Lakini sukari hupimwa kwa tone la damu, na kijiko cha tatu katika chai tunakitia wenyewe. Tupime tukiwa wazima, tusingoje homa ije itupimie.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.