Saa Zetu na Saa ya Ulimwengu
(Mazungumzo kwa watumishi na wakazi wa Rubafu)



Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba muda mfupi kabla ya saa 3 asubuhi. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki; wavuvi walishiriki kuokoa wengine. Katika kumbukumbu za urubani, zinazofuata saa ya ulimwengu (UTC), ajali hiyo ilitokea kabla ya 06:00.

Tofauti hiyo yafaa ieleweke. Nchi yetu iko mbele ya UTC kwa saa 3, nasi huhesabu saa tangu kuchapo. Kwa hiyo, mchana ongeza 3: saa 1 asubuhi ni 04:00, saa 10 jioni ni 13:00. Usiku, tangu saa 1 hadi saa 8, ongeza 15.

Tahadhari ni tarehe. Mtumbwi uliopotea saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili huandikwa 23:00, Jumamosi.

Basi mtoa taarifa ataje saa yetu, siku, na kama ni asubuhi au usiku. Mpokeaji aandike saa zote mbili. Wanaotafuta ziwani wakikosea saa, hukosea na mahali.