Aliyepakia ndege za jeshi anaweza kushika depo ya raia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba katika mkutano wa muungano, Kalemie. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)

Mumezoea kuniona hapa na liste ya mabati na mbegu. Leo sina liste. Niko na habari ya kazi.

Sisi wote hapa tunaitwa waliorudi. Kuna waliorudi toka Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa. Kuna waliorudi toka Zambia kwa njia ya Pweto. Na kuna waliorudi toka jeshini. Hao wa mwisho ndio wanakaa kwenye viti vya nyuma kila mkutano. Leo ninataka kusema juu yao, na zaidi juu ya wale waliokuwa wanapakia na kupakua ndege za jeshi. Si wengi, ninajua. Lakini mfano wao utasaidia wengi.

Habari ilianza hivi. Baba mmoja mwanamemba, jina lake ninaliacha, alinifuata nje ya ofisi akaniambia: «Mtoto wangu, mukitafuta sentineli, unikumbuke.» Nikamuuliza: «Baba, zaidi ya kulinda mlango, unajua kazi gani?» Akajibu: «Mimi nilikuwa soda. Soda anajua nini tena?»

Tukaketi kwenye benchi. Nikamuuliza jeshini alikuwa anaamka asubuhi anafanya nini. Kumbe miaka tisa bunduki hakuishika sana. Alikuwa kwenye baze ya Kamina, kisha viwanja vingine. Anapokea mizigo, anaipima, anaipanga ndani ya Antonov 26, anaifunga kwa wavu na mikanda, anapeleka karatasi ya uzito kwa rubani. Nikamuuliza: «Ile ndege inabeba kiasi gani?» Hakufikiri hata kidogo. «Tani tano na nusu, ndivyo karatasi inasema. Lakini mafuta yakiwa mengi, mzigo unapungua. Jua likiwa kali na piste ikiwa fupi, unapungua tena. Na kitu kizito usikiache mkiani. Mlango uko nyuma, na watu ni wavivu wa kusukuma mpaka mbele.»

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Na alikuwa na haki. Wazee wanakumbuka tarehe 8 Januari 1996 kule Kinshasa. Antonov 32 iliyozidishiwa mzigo ilishindwa kuruka uwanjani Ndolo, ikapita mwisho wa piste, ikaingia katika soko la Simbazikita. Watu zaidi ya mia mbili walikufa, na karibu wote hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa watu wa soko, wanauza na kununua. Mtu aliyepanga mizigo ya ndege miaka tisa na kila ndege yake ikafika, huyo ni fundi. Sisi ndio tumemwita «soda tu», na mwishowe yeye mwenyewe amesadiki.

Sasa niseme kosa langu, maana haifai nihubiri tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika shirika nililokuwa natumika, tulitafuta mtu wa kushika depo. Mimi ndiye nilikuwa nachagua dosye. Moja iliandikwa: «Mwanajeshi, miaka 12.» Basi, hakuna kingine. Niliiweka pembeni bila kumwita mwenyewe, nikachukua kijana mwenye diplomu nzuri kama yangu. Kijana hakuwahi kupanga hata gunia kumi. Aliweka unga moja kwa moja juu ya sima, ukuta ukigusana na magunia, na mvua ilipoanza unyevu ukapanda. Tulitupa magunia makumi ya unga uliokuwa wa watu waliotoka kukimbia vita. Kijana hakuwa mbaya, hakufundishwa. Na mimi sikuuliza. Sijui yule wa miaka 12 alikuwa anafanya nini jeshini, kwa sababu sikumwita. Hilo linanikera mpaka leo.

Basi tutazame kazi zenyewe. Nini kinafanana?

Uzito unafanana. Kamyo na mashua zinataka mzigo ukae katikati kama vile ndege, na ziwa letu linamwazibu yule anayesahau. Kufunga kunafanana. Kuhesabu kunafanana: jeshini ulikuwa na manifesti, huku kuna bordero na fishi ya stoku. Kupanga kwa muda kunafanana: dawa itakayoisha muda kwanza ndiyo inatoka kwanza, hata kama ilifika jana. Mizigo ya hatari nayo inafanana. Aliyebeba risasi na mafuta ya ndege anajua tayari kwamba kuna vitu havikai pamoja. Kwa ndege za raia vitu hivyo vimegawanywa katika mafungu 9, kila fungu na alama yake. Mafuta ni fungu la 3, asidi ya betri ni la 8. Betri za lithiamu zinazotumwa peke yake zimekatazwa katika ndege za abiria toka 2016, sababu zikiwaka ni vigumu kuzizima.

Sasa nini hakifanani? Nitataja matatu.

La kwanza ni amri na karatasi. Jeshini, kolonel akisema mzigo uende, unaenda, karatasi itafuata. Kwa raia, bila karatasi mzigo haundoki, hata mkubwa akipiga kelele. Kwa ndege kuna ile karatasi wanaita LTA, kwa kamyo kuna bordero. Ukitia sahihi kwamba umepokea katoni 300, hizo 300 ni zako. Zikikosekana 5, hawataulizwa walinzi kwanza, utaulizwa wewe. Wengi waliotoka jeshini wanaanguka hapa. Anajua kupakia vizuri sana, lakini anatia sahihi mbele ya kuhesabu kwa sababu amezoea kutii.

La pili ni bei. Jeshini hakuna aliyekuuliza safari inagharimu ngapi. Kwa raia kila sentimita inalipwa. Mfano rahisi: katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Zidisha, unapata 120,000. Kwa mizigo ya ndege, kawaida unagawanya kwa 6,000, unapata 20. Sasa weka katoni kwenye mizani. Ikionyesha kilo 12, utalipa kilo 20, maana imekula nafasi ya kilo 20. Ukijua hesabu hiyo, utamwambia shefu wako apunguze katoni, na utamwokolea makuta mengi. Hapo ndipo atakujua jina.

La tatu ni silaha na upande. Mashirika ya msaada hayabebi mwenye silaha katika gari, na hayana upande. Ukifanya kazi kule, hata rafiki yako wa zamani mwenye uniforme akiomba lifti, unakataa kwa heshima. Ni vigumu. Lakini siku moja ukikubali, gari linalofuata linaweza kupigwa risasi.

Kazi ziko wapi? Nisidanganye. MONUSCO ilifunga kazi yake hapa Tanganyika mwaka 2022, na wengi walipoteza mkate. Lakini Kalemie ni mji wa mizigo. Reli ya Kabalo ilifika ziwani 1915, na toka zamani vitu vinashuka Dar es Salaam, vinapanda treni mpaka Kigoma, vinavuka maji kuja kwetu. Kuna bandari, kuna depo za wafanyabiashara, kuna ndege ndogo, kuna mashirika. Aliyejifunza kwenye ndege asingojee ndege. Aanze hata bandarini kama pwanteri, yule anayesimama na kalamu kuhesabu magunia. Toka pwanteri unapanda magasinye, toka magasinye unaweza kufika lojistisyeni.

Njia ninayoipendekeza ni hii.

Kwanza, karatasi ya kutoka jeshini. Aliyeachishwa kwa halali aitafute, atengeneze kopi, aihifadhi katika plastiki. Waliotoka katika vikundi vyenye silaha njia yao ni nyingine, ni programu ya serikali ya P-DDRCS iliyoanza 2021. Na aliyetoroka asidanganye kwenye dosye. Aje kwanza tuongee naye pembeni na mtu wa sheria. Uongo mmoja ukigunduliwa utafunga mlango kwa wote wanaokuja nyuma yake.

Pili, usiandike «mwanajeshi» halafu unyamaze. Andika kazi yako kwa lugha ya raia: nilikuwa napokea na kupanga tani ngapi kwa juma, niliongoza watu wangapi, ndege za aina gani, ajali ngapi. Cheo kiache. Raia hajui ajida ni nini, lakini «niliongoza watu 8» anaelewa. Na mambo ya siri ya jeshi, vita gani, silaha gani zilienda wapi, hayo hayaingii katika dosye. Hakuna anayeyahitaji.

Tatu, ujiandikishe ONEM kama mtu anayetafuta kazi, na uulize INPP mafunzo yake, maana ndiyo kazi yake toka 1964. Jifunze tabelo ya kompyuta. Mwenye nafasi ya kufika Lubumbashi au Kinshasa atafute mafunzo ya mizigo ya hatari. Lakini ajue cheti hicho kinafanywa upya kila miezi 24, kwa hiyo asikikimbilie kabla ya kuwa na kazi inayokihitaji.

Nilipoeleza haya kwa komite juma lililopita, mama mmoja alisimama. Akasema: «Ndugu, tulipokimbia, nyumba yangu ilivunjwa na watu wa uniforme. Walichukua mbuzi, walichukua mpaka sufuria. Leo unataka funguo za depo ya chakula changu tuwape wao?»

Nyumba nzima ilinyamaza. Nami pia nilinyamaza kidogo, maana ana haki. Sikuja kumwambia asahau. Na wala sitasema kila aliyevaa uniforme alifanya vile, kwa sababu yeye hakuuliza hivyo. Aliuliza juu ya funguo.

Jibu langu linatoka katika kazi yenyewe. Depo nzuri haisimami juu ya uaminifu wa mtu mmoja, hata akiwa pasteri. Anayepokea si yule anayetoa ruhusa. Wawili wanahesabu, wawili wanatia sahihi, na kila mwezi wa tatu anakuja kuhesabu bila kutangaza. Nilimwomba mama huyo kitu kimoja: awe yeye mmoja wa wanaohesabu katika depo ndogo ya mbegu ya muungano, pamoja na yule baba wa Antonov. Hakusema ndiyo. Alisema: «Nitakuja siku ya kwanza, nitaona.» Mimi hilo lilinitosha.

Kwenu wafadhili, neno langu ni fupi. Mara nyingi waliotoka jeshini wanapewa mashine ya kushona au seti ya useremala, wote sawasawa, na kisha miezi mashine inauzwa. Tafadhali muulize kwanza: «Ulikuwa unafanya nini?» Aliyekuwa na ufundi, mumsaidie kuutafsiri. Mulipe mafunzo ya kompyuta, viatu vya kazi, kopi za karatasi, na miezi mitatu ya kujifunza ndani ya depo ya kweli, pamoja na posho ya chakula asije akauza viatu. Kisha murudi baada ya mwaka muhesabu wangapi wako kazini. Hiyo ni rapoti nzuri kuliko picha ya watu wameshika vyeti.

Kwenu wanamemba, likelemba yetu inaweza kukopesha mtu pesa ya dosye na usafiri. Kamati ilikwisha kukubali kuanza na watu watatu.

Yule baba leo hayuko mkutanoni. Si kwa sababu ya aibu. Alipata kontra ya miezi mitatu, pwanteri bandarini. Juzi alikataa kutia sahihi kwenye kamyo: bordero inasema magunia 300, yeye amehesabu 298. Shofa alimkasirikia, mwenye mali akapiga simu, wakamwambia atie tu, ni magunia mawili. Akawaambia wahesabu upya pamoja naye. Walihesabu. Yalikuwa 298.

Aliponisimulia, aliniuliza kama atafukuzwa. Nikamwambia: «Baba, hapana. Sasa ndio umetoka jeshini.»

Ninangoja maulizo yenu, na yale makali tuanze nayo.