Kifaa Kinachonusa Baruti na Jicho la Mwananchi



Katika mkutano uliopita mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatukulijibu ipasavyo: “Wanangu, ikiwa siku hizi zipo mashine zinazonusa mabomu, sisi mwatutakia nini?” Leo tumerudi na jibu.

Wabadilishaji fedha wetu huiweka noti chini ya taa ya zambarau, na alama zilizofichika hung'aa. Mng'ao huo ndio msingi wa kifaa tunachokizungumzia. Katika miaka ya 1990, mwanakemia Timothy Swager na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza polima inayong'aa namna hiyo, wakaipaka utando mwembamba juu ya kioo. Mvuke wa baruti ya TNT ukiugusa utando huo, molekuli ya TNT huipokonya polima elektroni, na mng'ao hufifia. Kifaa hupima kufifia huko, kisha hutoa ishara.

Nguvu yake i katika mnyororo. Nishati ya mwanga husafiri ndani ya polima kama basi lipitalo vituo vingi, na kizuizi kimoja, popote kilipo njiani, chatosha kuisimamisha safari nzima. Kwa hiyo chembe chache sana za TNT hutambulika. Kifaa kilichotokana na ugunduzi huo kiliitwa Fido, jina ambalo Wamarekani hupenda kumpa mbwa, na kimefungwa hata juu ya roboti za kutegulia mabomu. Afisa aweza pia kufuta mkono au mzigo kwa kitambaa maalumu, kisha akakipima kitambaa hicho.

Lakini, wapendwa wananchi, kila pua ina mipaka yake. Amoniamu naitreti, ambayo ni mbolea kwa mkulima na baruti kwa mhalifu, hutoa mvuke haba mno, na utando wa TNT hauitambui vema. Vilipuzi vingine havina kabisa kemikali za jamii ya TNT, navyo huhitaji utando wa aina nyingine. Tena, mzigo uliofungwa barabara huzuia mvuke usitoke. Kwa upande wa pili, mchimba mawe aliyeshika baruti ya halali asubuhi aweza kuifanya mashine itoe ishara jioni. Basi tuseme wazi: ukimya wa mashine si cheti cha usalama, na ishara yake si hukumu.

Kwa sababu hiyo, anayepimwa popote na kifaa kikatoa ishara, aeleze kazi yake bila hofu. Nasi askari tuna wajibu wa kumsikiliza, kumpima tena, na kumlindia heshima yake. Mwananchi aliyedhalilishwa leo hatatuletea habari kesho, na habari hiyo ndiyo ambayo huenda ingeokoa watoto wetu sote.

Hatujasahau tarehe 11 Julai 2010, pale mabomu yalipoua watu zaidi ya 70 mjini Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Siku zilizofuata, kilipuzi kingine ambacho hakikulipuka kilipatikana katika ukumbi wa starehe huko Makindye. Kilikuwa ndani ya mkoba wa kompyuta, unaofanana na mikoba mingine yote, na simu iliyopatikana nacho iliwasaidia wapelelezi kuwafikia wahusika. Mashine huijua kemikali. Haijui ni mkoba gani hauna mwenyewe, wala ni mgeni gani anunuaye mbolea magunia kwa magunia ilhali hana shamba. Hayo mnayajua ninyi.

Mzee wetu, jibu lako ni hili. Ndani ya basi, kabla ya safari, ulizeni kila mzigo ni wa nani. Mkikuta kitu cha kutilia shaka, msikiguse, msikisogeze, msikirushie jiwe. Ondokeni, waondoeni watoto, na mkiwa mbali pigeni simu 999 au 112. Wanunuzi wa chuma chakavu, msipokee chuma msichokifahamu, na mwakataze watoto kuokota vyuma porini. Wauzaji wa mbolea, wekeni kumbukumbu za wanunuzi wenu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na anayeyaona kwanza ni aishiye chini ya mbingu hiyo. Tuleteeni habari mapema, hata kama hamna hakika. Ni heri tuje mara kumi tukute mkoba wa nguo, kuliko tukose kuja mara moja.