Mkono Unaoshika Funguo Zote

Fungu la kusoma: Kutoka 18:13-27

Ninawasalimu ninyi wa hapa Simi-Simi, wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, na ninyi wa Lubunga mnaovuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi kufuata kazi. Leo ninasema na kila mtu aliye na watu chini yake: mkubwa wa kazi, mwalimu, fundi mwenye vijana wa kufundishwa, mama mwenye meza sokoni na msichana wa kumsaidia, kiongozi wa kwaya. Hata kama una mtu mmoja tu, wewe ni kiongozi.

Fungu letu linatuonyesha Musa kazini. Ameketi tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wamesimama mbele yake wakingoja. Kila shauri ni lake. Yetro baba mkwe wake, kuhani wa Midiani, anatazama siku moja tu, kisha anamwambia waziwazi kwamba jambo hili si jema. Tena anatoa sababu mbili: wewe utachoka, na watu hawa watachoka pamoja nawe.

Angalieni sababu ya pili. Sisi tukisikia kiongozi anafanya kila kitu peke yake, tunamsifu kwamba anajitoa. Yetro aliwaona wale waliosimama juani. Kiongozi asiyegawa kazi hajiumizi mwenyewe tu. Anawaumiza wanaomngoja.

Wapendwa, niwashuhudie. Kabla sijaingia shule ya Biblia nilikuwa mkubwa wa watu sita katika karakana ya mbao hapa mjini. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Daftari la wateja lilikuwa nyumbani kwangu. Kunoa msumeno nilijua mimi peke yangu, na nilikuwa ninanoa jioni, watu wakiisha kwenda. Kulikuwa na kijana mwenye akili aliyetaka kujifunza. Nilimwambia, "Utajifunza kesho." Kesho hiyo haikufika. Ukweli ni huu: niliogopa atachukua nafasi yangu.

Kisha nikashikwa na malaria, majuma mawili kitandani. Msumeno ukawa butu, stoo ikabaki imefungwa, wateja wakaenda kwingine. Wale sita walilipwa kwa siku; siku isiyo na kazi haina chakula. Mmoja wao, mtoto wake alifukuzwa shuleni kwa kukosa pesa. Niliporudi, nilitazamia wanipe pole. Yule kijana akaniambia kwa heshima, "Yaya, ungenionyesha tu." Sikuwa na jibu. Mtoto yule alikosa masomo kwa sababu ya woga wangu, nami nilikuwa ninauita woga huo bidii.

Sasa, Yetro alimshauri Musa afanye nini? Mambo matatu.

La kwanza: wafundishe. Kabla ya kuwapa watu madaraka, Musa alipaswa kuwaonyesha sheria, njia, na kazi wanayopaswa kufanya. Kuna wakubwa wa kazi wanaompa mtu mzigo bila kumfundisha, halafu anapokosea wanasema, "Mliona? Hawezi." Huko si kugawa kazi, ni kumtega mtu. Nendeni kwenye maporomoko mkawatazame Wagenya. Ile miti mikubwa iliyosimamishwa juu ya mawe, na vile vikapu vinavyoshushwa katika maji makali, hakuna mtu mmoja anayeviweza. Tena ujuzi ule haukufika leo kwa kufichwa. Baba alimwonyesha mtoto, mtoto akamwonyesha wake. Kama mzee mmoja angesema, "Nitakufa na ujuzi wangu," jamaa yake wangekula nini?

La pili: chagua vizuri. Yetro anataja watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia mapato ya udhalimu. Hakutaja shemeji, wala mtu wa kabila letu, wala mtu wa kanisa letu asiyejua kazi. Maombi hayanoi msumeno. Lakini uwezo bila uaminifu nao ni hatari, maana huyo ataomba "maharagwe ya watoto" kwa kila anayefika mbele yake. Ninajua mishahara inachelewa. Ninajua njaa. Ila anayekula kwa mkono wa aliye maskini kuliko yeye, hiyo si dawa ya njaa.

La tatu: pima mzigo. Wengine waliwekwa juu ya elfu, wengine mia, wengine hamsini, wengine kumi. Mambo mazito yakarudi kwa Musa. Basi kugawa kazi si kukimbia kazi. Usimpe kijana stoo nzima siku ya kwanza. Mpe rafu moja, hesabuni pamoja jioni. Akiwa mwaminifu katika hiyo, ongeza.

Nawe uliye chini, usiseme fundisho hili ni la wakubwa. Jiulize: leo wakinipa ufunguo, niko tayari? Kijana wa toleka anayeandika kila jioni alichopata na alichotumia ameanza kuongoza, hata kama ana baiskeli moja.

Musa alikubali shauri. Mtu aliyesema na Mungu alimsikiliza mkwe wake! Na baadaye, katika Hesabu 27, yeye mwenyewe aliomba Mungu awape watu kiongozi baada yake, akamwekea Yoshua mikono mbele ya wote. Mimi pia nilimfundisha yule kijana. Wito wa Mungu uliponijia, niliweza kuondoka, na karakana haikufungwa.

Juma hili, chagua jambo moja unalolijua peke yako kazini. Tafuta mtu mmoja. Mwonyeshe.

Tuombe. Baba, utusamehe woga tuliouita bidii. Fungua mikono yetu. Wainue watu waliosimama wakitungoja. Katika jina la Yesu. Amina.