Waliochukua Karatasi ya Kaisari

Andiko: 2 Wakorintho 2:5-8



Mwaka wa 250, Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wote wa ufalme wake watolee miungu sadaka mbele ya wakuu. Aliyetii alipewa karatasi ya kushuhudia kwamba ametoa sadaka na kuonja nyama yake. Karatasi zaidi ya 40 za namna hiyo zimefukuliwa katika mchanga wa Misri, na majina ya watu yangali yanasomeka.

Wakristo walifanya nini? Wako waliokataa, wakafungwa, wakafa. Fabian, askofu wa Roma, alikufa Januari ya mwaka huo. Lakini sisi wahubiri tunapenda kusimulia mashujaa tu. Kule Carthage, Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, wengi walikimbilia kutoa sadaka hata kabla ya kukamatwa. Wengine hawakutoa sadaka. Walimpa mkubwa pesa, wakapata karatasi. Sisi Wakongomani hatuhitaji kuelezwa jambo hilo.

Decius alikufa vitani mwaka wa 251. Walioanguka wakarudi, wakabisha mlango wa kanisa. Wafunguliwe au hapana?

Novatian wa Roma alisema hapana: Mungu anaweza kuwasamehe, lakini kanisa lisiwarudishe ushirikani. Upande mwingine, ndugu kadhaa waliofungwa kwa ajili ya Yesu waliandika barua ili walioanguka wapokewe upesi. Barua nyingine zilimtaja mtu mmoja “pamoja na watu wake”, bila kusema hao watu ni wangapi!

Askofu Cyprian wa Carthage alikuwa amejificha wakati wa mateso, na watu walimsema sana kwa hilo. Aliporudi mwaka wa 251 aliwakutanisha maaskofu. Hawakuwaweka wote katika kikapu kimoja. Aliyenunua karatasi bila kutoa sadaka angerudishwa baada ya jambo lake kuchunguzwa. Aliyetoa sadaka aendelee kutubu, apokewe saa ya kufa. Baadaye, walipoona mateso mengine yanakaribia, walikubali kuwapokea wote waliodumu katika toba, ili wapate nguvu ya kusimama. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258.

Kwa hiyo, tunapomweka mshirika chini ya nidhamu, kisha tukamrudisha kwenye meza ya Bwana, tunapita njia iliyokanyagwa na hao, kwa machozi na magomvi mengi.

Leo nani anabisha mlango? Mama ambaye mtoto wake aliugua sana, wakwe wakamshurutisha, akaenda kwa mganga. Kijana aliyeshika bunduki porini, sasa ameiacha. Novatian angali nasi. Anasema huyo akae kiti cha nyuma mpaka Yesu arudi. Na wale wa barua za haraka wako pia: mtumishi anaweka mikono usiku mmoja, asubuhi kijana anasimama kwaya, na mjane aliyenyang'anywa mbuzi wake hakuulizwa neno lolote.

Mimi ninasimama na mkutano wa Carthage, ingawa kumngojesha mtu mpaka saa ya kufa naona kulizidi. Paulo aliogopa mwenye kuadhibiwa asimezwe na huzuni, akawaomba Wakorintho wamfariji. Hata hivyo wazee wale walifanya kazi ambayo sisi tunaikimbia: walikaa chini, wakasikiliza jambo la kila mtu.

Wazee wa kanisa, katika daftari la nidhamu kuna majina ambayo hayajasomwa siku nyingi. Lifungueni juma hili. Nendeni nyumbani kwa kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, mkaulize kama anatubu, na kama amemwendea yule aliyemwumiza. Akiogopa kwenda peke yake, mfuatane naye.

Tuombe.