Kujaribu Dawa ya Kitunguu Saumu katika Nyanya

(Maneno ya Bwana Shamba mbele ya wakulima)



Leo nataka kusema nanyi juu ya bakajani ya nyanya. Ninyi mwaijua: huanza katika majani ya chini yaliyozeeka, ikafanya madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Majani hukauka, na matunda yakabaki wazi kuunguzwa na jua. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, nao hupenda majani yenye unyevu.

Wengi mmeniuliza kama kitunguu saumu chatosha badala ya dawa ya dukani. Ni kweli kwamba kikipondwa hutoa kitu kinachozuia kuvu. Lakini nguvu ile ya maabara huenda isionekane shambani, ambako mvua huosha dawa. Basi msiamini kwa kusikia tu, jaribuni.

Mara nyingi mtu hunyunyiza, mvua ikakatika, ugonjwa ukapungua, naye akaisifu dawa. Kumbe ni kiangazi kilichomsaidia. Masika yanayofuata huitegemea kwa shamba zima, akavuna mabua.

Fanyeni hivi:

1. Pimeni vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja miche 10.

2. Vipande 4 vipate kitunguu saumu, 4 dawa ya dukani kama ilivyoandikwa juu ya kopo, na 4 maji yenye sabuni tu. Pigeni kura, msichague wenyewe mahali pazuri.

3. Pondeni gramu 50 za kitunguu saumu, tieni katika lita 1 ya maji, chujeni, ongezeni sabuni kidogo. Msichemshe, maana moto hupunguza nguvu yake. Tumieni siku ile ile.

4. Nyunyizeni kwanza miche 2 ya pembeni, mngoje siku 2 mwone kama majani hayaungui.

5. Anzeni kabla ya madoa kuonekana, mrudie kila siku 7. Jani lililokufa halifufuki.

6. Kila juma hesabuni majani yenye madoa. Wakati wa kuvuna, pimeni nyanya za kila kipande kwa mizani, mkaandike daftarini.

Vipande vya maji na sabuni ndivyo mashahidi wenu. Vikiwa sawa na vya kitunguu saumu, dawa haikufaa, nanyi mmepoteza vitunguu vichache, si shamba. Vikizidiwa, jaribuni tena masika mengine kabla ya kuitegemea.